Ombi la Kumwandikisha Yunus Wangu Kuwa Chombo cha Mradi

Kisangani, Kabondo,
tarehe 14 mwezi wa tatu, mwaka 2001

Kwa Papa Direkta,
Msimamizi wa Mradi wa Mwendo Mwerevu wa Mji,
hapa hapa Kisangani.

Mheshimiwa Papa Direkta,

Amani iwe kwako na kwa nyumba yako. Anayekuandikia ni mimi Nyota, mjane wa Assumani, mama yake Yunus wa toleka, yule anayebeba abiria kwa baiskeli. Mwandiko wangu uusamehe. Nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne nililisoma mara mbili, kwa hiyo kwa hesabu yangu ni matano.

Jumapili moja, mwanzoni mwa mwezi uliopita, nilikuwa kwenye kile kikao chako cha kuelimisha raia. Mimi ndiye yule mama wa kitambaa cha manjano aliyepiga makofi kabla hujamaliza kusema. Ulisema hivi, nami nimeyashika neno kwa neno: kwamba soko la teknolojia ya usafiri wenye akili linakua kwa kasi katika miji ya kisasa ya dunia, na kwamba Kisangani yetu, hata ikiwa vitani, haitaachwa nyuma, kwani chombo chenye akili kimekwisha kufika. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, sasa anamtaja Yunus. Nikapiga makofi, nikamgonga jirani yangu kiwiko. Ndipo ukavuta lile shuka, likatokea sanduku.

Papa Direkta, na sanduku lenyewe sina ugomvi. Ni sanduku zuri, rangi ya majivu, kubwa kama beseni la kulowekea mihogo, na vijicho vyake viwili vinaonyesha adabu. Lakini mama mwenye mtoto kama wangu hawezi kukaa kimya. Kwa hiyo nayaweka malalamiko yangu kwa namba, kama wanavyofanya watu wa ofisi.

1. Sanduku linahesabu, sawa. Ulitueleza kwamba kila chombo kinachopita pale kwenye mzunguko wa soko kubwa linakiona na kukiandika, ili mji ujue mwendo wake. Bon, vizuri. Jumatatu iliyofuata Papa Liévin, muuza sabuni, alikuwa akimfundisha shemeji yake kupanda baiskeli pale pale kwenye mzunguko, maana ndiko lami ilikobaki. Walizunguka tangu asubuhi mpaka adhuhuri, Liévin akikimbia nyuma ameshika kiti, akipiga kelele soko zima lisikie: "Usiangalie chini! Mbele, wee mwanamke, mbele! Hiyo ni ukuta!" Jumanne fundi wako akabandika karatasi: mwendo wa mji umeongezeka mara tatu. Watu wakafurahi. Wengine wakasema, basi vita vinakwisha, biashara imerudi. Papa Direkta, kilichoongezeka ni shemeji yake Liévin. Yunus angemtazama mara moja tu, akajua: huyu ni mmoja, tena breki hajaijua.

2. Sanduku linaona chombo, lakini halioni safari. Wewe unajua, maana nawe nimekuona siku moja umepakiwa nyuma ya toleka, umekaa upande upande kama bibi harusi, mkoba kwenye magoti. Tangu petroli ilipokatika, mji huu unabebwa na vijana wa toleka juu ya vile viti vya sponji nyuma ya baiskeli. Na katika vijana hao, nasema bila majivuno, hakuna kama wangu. Mama akipanda, Yunus anajua kwa jinsi anavyokaa kama anakwenda sokoni, au kliniki, au kugombana. Mjamzito anampitisha njia ya mchanga, polepole, wala hamwambii kwa nini.

Mashimo nayo ameyashika yote kichwani, hasa yale tuliyoachiwa na mabomu ya zile siku sita za mwaka jana. Ameyapa majina. Mbele ya duka la Viviane kuna moja linaitwa Waziri, kwa sababu halina kazi yoyote lakini kila mtu analizunguka kwa heshima. Usiku wa mvua, maji yakifunika barabara, abiria wake analala usingizi kule nyuma. Sanduku lako mvua ikinyesha mnalifunika turubai.

Tena kuna jambo la kengele, na hapa naomba usome peke yako, mlango umefungwa. Yunus ndiye aliyelianzisha. Toleka wakipishana njiani wanapigiana kengele. Mlio mmoja: njia ni nzuri. Miwili: mbele kuna barieri, kile kizuizi cha njia, ila askari wake wameshiba. Mitatu: kuna barieri na askari hawajala. Akisikia mitatu, kila mmoja anakata kona kana kwamba ndivyo alivyopanga tangu nyumbani, na abiria anafika bila kujua ameepushwa nini. Ulisema kwenye kikao kwamba huko miji ya kisasa magari yanaanza kuambiana habari za njia kwa hewa. Kwetu ni baiskeli zinazoambiana, kwa kengele, tangu mwaka juzi.

3. Sanduku haliwezi kuvuka mto. Yunus anaingia kwenye mtumbwi wa pirogi na baiskeli yake begani, anashukia Lubunga, anaendelea na njia ya Ubundu mpaka pale ambapo njia yenyewe inakata tamaa. Hilo halihitaji maneno mengi.

4. Sasa nafika penye maumivu.

Sanduku lina karatasi ubavuni, nyeupe, ya plastiki, yenye muhuri. Nimesimama mbele yake nikaisoma mara nne: MALI YA MRADI. USIGUSE. USIHAMISHE. USITUMIE KWA KAZI YA JESHI. Lina uzio. Lina paa la bati. Lina mlinzi, na huyo mlinzi ana kiti.

Alhamisi moja, mwezi uliopita, kwenye barieri ya njia ya Kapalata, askari waliwasimamisha toleka saba. Waliwashusha abiria, wakapakia kreti za risasi kwenye vile viti vya sponji, na vijana wakaambiwa wasukume mbele, kambini kwanza, halafu huko kwingine wanakokujua wao. Wakiwa bado wanafunga kamba, likatokea gari la mradi wako na betri ya sanduku. Kamanda akalisimamisha, akaweka mkono juu ya betri, akasoma karatasi kama ile ile iliyobandikwa juu yake. Akauondoa mkono, Papa Direkta, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Akasema: "Ah, pardon. Pita, patron, pita." Walioona wamenieleza. Betri ikapita na heshima zake. Wale saba wakapita upande mwingine.

Yunus siku hiyo alikuwa kitandani na malaria. Nadhani mimi ndiye mama wa kwanza katika mji huu kuishukuru malaria.

Lakini Sylvain alikuwemo. Sylvain ni mtoto wa Philomène, jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Miaka ishirini mimi na Philomène tumeshindana kwa watoto. Akisema wake anajua Kifaransa, nasema wangu anajua Kifaransa na njia. Sylvain alirudi siku ya kumi na moja, kwa miguu. Wenzake wawili hawajarudi. Mpaka leo akisikia mlango wa bati unafunguliwa, analala chini, kifudifudi, mbele ya wageni. Sasa nikimkuta Philomène kisimani nampa zamu yangu, wala hatushindani tena. Nilipenda nimshinde, ni kweli, lakini si hivyo.

5. Kwa hiyo ombi langu ni hili, na nimelifikiria wiki tatu: naomba mwanangu Yunus aandikishwe kwenye daftari lako kuwa chombo cha mradi, na abandikwe ile karatasi nyeupe, moja kifuani, moja mgongoni, maana askari wengine huja kutoka nyuma.

Sheria inaruhusu. Ulisema mwenyewe kwamba chombo chenye akili ni kile kinachopokea habari, kinachozipima, kinachochagua njia na kinachoarifu vyombo vingine. Ni sifa nne, nami nimekuonyesha zote nne hapo juu. Ana na ya tano uliyoisahau: jioni anarudi nyumbani kunieleza.

Ili kukupunguzia kazi, nakupa maelezo yake, kama yale yaliyokuja na sanduku. Watengenezaji: Nyota na marehemu Assumani. Mwaka: 1977. Namba: ile iliyo kwenye kadi yake ya chanjo, ninayo. Huwashwa saa kumi na mbili asubuhi kwa chai ya moto. Bila chai anawaka vilevile, lakini kwa hasira. Hutumia lituma, zile ndizi za kutwanga, na samaki wa liboke, wa kuchomwa ndani ya majani, mara mbili kwa siku. Kwa sababu ya vita amezoea mara moja, na mwendo haukupungua. Jenereta ya sanduku lako haijaweza kufanya hivyo. Asiachwe juani. Akikoroma si ubovu, baba yake alikuwa hivyo hivyo. Asitukaniwe timu yake ya mpira, atapata joto.

Philomène nilipomsomea hapa alikasirika. "Eee, mama Yunus! Mutoto ulizaa mwenyewe na uchungu yako, leo unataka bamwite mashini? Haya haina kwako?" Nikamwambia, Philomène, mashini haibebeshwi risasi. Akafunga kitenge chake upya, akaangalia upande wa nyumba yake, halafu akasema: "Bon. Andika na Sylvain pale chini. Hata kwa herufi ya kidogo."

Nimemwandika. Yumo pale chini.

6. La sita limenitoka. Litarudi.

7. Kuna suala la vipuri. Yunus amechumbia. Leila, binti wa watu, mpole, isipokuwa akianza kusema. Ndoa ni baada ya mfungo wa mwaka huu. Najua utaniuliza, Papa Direkta, chombo kinaoaje? Nami nimejiuliza kabla yako. Jibu ni kumwandika Leila kuwa betri yake. Betri husafiri na chombo, haitenganishwi nacho, na kamanda tumeona anavyoiheshimu. Leila nilipomweleza alisema: "Mimi betri? Sawa, mama. Lakini mwambieni kabisa, siku atanikosea, atalala amezimika." Nikaona anafaa.

6. Limerudi. Nilitaka kusema kwamba mama zake vyombo hivi nao watambuliwe. Sanduku lako lina jina la kiwanda chini ya miguu yake, kwa herufi za chuma. Mimi sijaandikwa popote. Si lazima chuma, hata rangi.

8. Sasa, nilipofika hapa niliweka kalamu chini nikaanika nguo, na nikiwa kwenye kamba ya nguo akili ikaenda mbele zaidi. Nikasema: Nyota, kama Yunus ni chombo, na Sylvain ni chombo, na Leila ni betri, basi ni nani aliyebaki? Huyu mama wa makala, muuza makaa, anayejua kwa harufu ya moshi nani anapika nini hana akili? Mzee wa pirogi anayevuka ukungu bila kuona ng'ambo hapokei habari na kuchagua njia? Mtoto wa darasa la kwanza, akisikia mlio mkubwa, si anajua mwenyewe aingie chini ya kitanda gani? Nani alimfundisha? Hicho si chombo cha kisasa?

Donc, kwa hiyo, naomba, kwa heshima ile ile, mji wote uandikishwe. Kabondo, Mangobo, Makiso, Tshopo, Lubunga ng'ambo ile. Kila mtu karatasi mbili, kifuani na mgongoni. Watoto wachanga moja inatosha, wanabebwa. Fikiria ripoti yako kwa wakubwa zako! Hakuna mji duniani wenye vyombo vingi vyenye akili kama huu. Soko halitakua tu, litafurika, kama mto mwezi wa kumi na moja. Wageni watapanda ndege kuja kujifunza kwetu.

Na faida yake kubwa ni hii. Siku hiyo Kisangani itakuwa imejaa mali ya mradi, na haitakuwa na mtu hata mmoja. Jeshi lolote likija kutafuta watu wa kulibebea kreti zake, litaambiwa: poleni sana, watu hapa hatuna, walikwisha, kuna vyombo tu, na ninyi kusoma mnajua. Itawabidi wabebe wenyewe. Na risasi ni nzito, Papa Direkta. Mtu akizibeba mwenyewe kichwani, kwa miguu, kutoka Ubundu mpaka hapa, njiani atapata muda mrefu wa kujiuliza kama kweli anazihitaji.

Ninamwondoa mmoja tu katika ombi hili. Yule kamanda wa barieri ya Kapalata naomba abaki mtu, bila karatasi, ili aone inavyokuwa.

Nimemaliza, na mkono unaniuma. Kama kuna neno limekukwaza, lihesabu kwenye lile darasa la nne la pili. Nisalimie mama wa nyumbani kwako na watoto, nasikia wa mwisho anaota meno, mpake karafuu. Msalimie fundi, na umwambie asizihesabu tena baiskeli za Papa Liévin. Msalimie mlinzi wa sanduku na kiti chake. Sanduku nalo lipe salamu zangu, kama lina mahali pa kuzipokea. Philomène anakusalimu, Leila pia. Yunus hakusalimu kwa sababu hajui kama nimekuandikia.

Nangoja jibu lako, na kuanzia kesho asubuhi nitakuwa mlangoni kwako kulisaidia lifike.

Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu,
Nyota, mjane wa Assumani,
mama yake Yunus.

(na Sylvain wa Philomène, chombo)

Nyongeza, tarehe 16, Ijumaa.

Papa Direkta, nilikuta mlango wako umefungwa jana, na barua hii ikarudi nami ikalala chini ya godoro. Ni bahati. Naomba uyafute malalamiko yangu yote, namba moja mpaka nane, pamoja na zile sita mbili.

Leo asubuhi askari wamekuja kwenye mzunguko na koleo. Wamelishusha sanduku kwenye nguzo yake, na karatasi yake nyeupe ikiwa ubavuni, na mlinzi amewashikia ngazi. Walitaka mtu wa kulibeba. Yunus alikuwa anapita, kiti chake kitupu. Wamelifunga pale pale wanapokaa abiria wake, wakamwambia: Kapalata. Viviane ndiye aliyenijia mbio sokoni kunieleza. Nilikaa chini kati ya nyanya za watu.

Alirudi saa kumi alasiri, kwa miguu. Anasema kwenye lango la kambi kulikuwa na askari mwenye kitabu. Huyo aliisoma ile karatasi yote kwa sauti, ikampendeza sana, akasema: "Hii ni mashini, inabaki. Na kinga, hii baiskeli, ni mashini, inabaki." Akaandika. Halafu akamnyooshea Yunus kalamu, akauliza: "Na hii?" Askari aliyemleta akamwangalia kijana wangu juu mpaka chini, akasema: "Hii ni mutu tu." Mwenye kitabu akasema: "Basi aende. Chakula ya kulisha batu hatuna."

Kuna jambo sikukuambia. Sikuwa na subira ya kungoja karatasi yako. Jana usiku nilichukua kipande cha mfuko wa unga, nikaandika MALI YA MRADI kwa makaa, nikamshonea mgongoni mwa shati akiwa amelala. Leo alipofika kona ya kwanza wasichana walimcheka, akalivua shati, akaing'oa karatasi yangu kwa meno, akaitupa mferejini. Amenieleza kwa hasira. Mimi nilikuwa nimemshika miguu, nayo imevimba, nikaendelea kuikanda. Angekuwa nayo mgongoni, leo angekuwa ameandikwa kwenye kile kitabu, chini ya baiskeli.

Kwa hiyo, kama fundi wako alinisikia nikiongea sokoni, na kwa wema wake amekwisha kumwandika mwanangu kwenye daftari la vyombo, nakuomba kwa jina la Mungu umkate kwa wino mweusi, na juu ya mstari huo uandike: mtu tu. Hilo "tu" usilisahau, maana ndilo lililomleta nyumbani.